Kadi ya mtandao inapotoweka ndani ya mashine pepe: Chanzo chake na namna ya kuitafuta

Umeme unaporejea baada ya kukatika, seva nyingi za ofisini hujiwasha zenyewe. Feni huzunguka, taa za swichi humetameta kijani, na anayetazama kwa mbali huamini kwamba mambo yametengenea. Kisha karani hufungua mfumo wa rekodi na kukutana na ujumbe kwamba seva haipatikani. Jana ilifanya kazi, wala hakuna aliyeigusa. Fundi anayeingia ndani ya mashine hiyo huenda akaikuta kadi ya mtandao ikiwa na jina jingine, au isiwemo kabisa, au iwemo lakini programu zinazoitegemea zimeshikamana na kadi nyingine isiyofika popote.

Kasoro hii huwasumbua wataalamu kote duniani, lakini gharama yake hailingani kila mahali. Jijini Nairobi fundi huvuka barabara tu. Huko Samburu mambo ni tofauti. Mji huu, ambao haupasi kuchanganywa na kaunti ya Samburu iliyo kaskazini mwa nchi, umo katika kaunti ya Kwale, kandokando ya barabara kuu ya Mombasa kuelekea Nairobi, baada ya Mariakani na kabla ya Taru na Mackinnon Road. Mtaalamu wa seva aghalabu huitwa kutoka Mombasa au Ukunda. Hadi afike, zahanati hurudia madaftari, na mgonjwa aliyekuja kuchukua dawa zake za kila mwezi husubiri faili lake litafutwe kwenye rafu, kama lipo.

Isitoshe, umeme wenyewe hauaminiki. Mwaka 2023 pekee sehemu kubwa ya Kenya ilitumbukia gizani Agosti 25, Novemba 11 na Desemba 10. Hayo ni matukio ya kitaifa. Kukatika kwa muda mfupi katika mtaa mmoja ni jambo la kawaida, na kila mara umeme unaporudi seva hulazimika kuanza upya na kuitambua mitambo yake tangu mwanzo. Mipangilio iliyofanywa kwa kubahatisha hufichuka wakati huo.

Mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi. Ina kumbukumbu, diski na kadi ya mtandao, lakini vyote hivyo huigizwa na programu simamizi iliyo chini yake. Wazo hili si geni: kampuni ya IBM ilitoa mfumo wake wa VM/370 mwaka 1972 kwa kompyuta kubwa za enzi hiyo. Lilifika kwenye kompyuta za kawaida baada ya VMware kuanzishwa mwaka 1998, na mwaka 2007 uwezo huo ukaingizwa ndani ya Linux yenyewe kwa jina la KVM.

Kontena ni jambo jingine. Haina mfumo endeshi wake kamili. Ni programu moja iliyofungashwa pamoja na vyote inavyovihitaji, ikatengwa na jirani zake, huku ikitumia kiini kilekile cha mfumo endeshi wa mashine inamokaa. Jina lilitokana na makontena ya melini, na mkazi wa Samburu hahitaji kuelezwa zaidi, kwani malori yanayoyabeba kutoka bandari ya Mombasa hupita mbele ya maduka yake usiku na mchana. Kontena haibagui lori: likiharibika hili, hupakiwa kwenye jingine. Docker, programu iliyoeneza mtindo huu, ilitangazwa hadharani na Solomon Hykes Machi 2013.

Taasisi ndogo hupenda kuchanganya njia hizi mbili. Hununua seva moja, hugawa mashine pepe mbili au tatu, na ndani ya kila moja huweka kontena kadhaa: hifadhidata, mfumo wa rekodi, ukurasa wa mafunzo. Hata anayetumia Docker kwenye kompyuta ya Windows au ya Apple yumo katika hali hiyohiyo, maana kontena zake za Linux huendeshwa ndani ya mashine pepe ndogo ya Linux ambayo huenda hajui kwamba ipo. KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa uliojengwa juu ya OpenMRS na ulioanza kuwekwa katika vituo vya afya nchini mwaka 2012, ulikusudiwa kuendeshwa kwenye seva iliyomo kituoni. OpenMRS yenyewe, katika toleo lake la 3, husambazwa pia kwa kontena. Kwa hivyo suala hili limekwisha kutoka katika maabara za vyuo vikuu likafika kwenye dirisha la kupokea wagonjwa.

Zamu, maegesho na nambari ya usajili

Mara nyingi kadi inayosemekana kupotea huwa haijapotea. Imebadilishwa jina, na mipangilio yote iliandikwa kwa jina la zamani.

Zamani Linux iliziita kadi kwa zamu ya kuonekana. Ya kwanza ilikuwa eth0, ya pili eth1, na kadhalika. Ni kama magari yanayopewa namba kwa jinsi yalivyowahi stendi: leo gari hili ni la kwanza, kesho ni la tatu. Kwa kuwa viendeshi vya kadi hupakiwa kwa wakati mmoja, ile iliyoitwa eth0 leo ingeweza kuamka kesho ikiitwa eth1. Mashine yenye kadi moja haikudhurika. Yenye kadi mbili, moja ya ofisini na moja ya kwenda nje, ilikuwa bahati nasibu.

Dawa ya kwanza ilikuwa kuandika kwenye faili jina la kila kadi pamoja na anwani yake ya MAC, yaani nambari ya pekee ambayo kila kadi huitumia kujitambulisha. Faili hilo, 70-persistent-net.rules, lilizua balaa jipya katika mashine pepe. Fundi aliponakili mashine, programu simamizi iliipa nakala anwani mpya ya MAC. Mfumo endeshi ukaona kadi ngeni, ukaiita eth1, na jina la eth0 likaendelea kuhifadhiwa kwa kadi isiyokuwepo tena. Mipangilio yote ilikuwa ya eth0. Nakala ikawa haina mtandao, ilhali asili yake ilikuwa salama.

Januari 2013, toleo la 197 la systemd lilileta utaratibu mwingine: kadi huitwa kwa mahali ilipochomekwa. Ndiyo maana kadi ya kwanza katika VirtualBox huonekana kama enp0s3 na ya pili enp0s8, na katika VMware majina ya ens33 na ens160 hukutwa mara kwa mara. Gari sasa huitwa kwa nafasi ya maegesho yake. Utaratibu huu ni bora zaidi, lakini sifa uliyopewa kwamba majina hayabadiliki imetiwa chumvi. Anayebadilisha aina ya kadi katika mipangilio ya mashine pepe, au anayeongeza kifaa kingine kikasogeza mpangilio wa ndani, au anayehamisha mashine kutoka programu simamizi moja hadi nyingine, huihamisha kadi kwenye maegesho mengine. Jina hubadilika nayo.

Kuna miongozo mingi inayoshauri kuuzima utaratibu huu kwa kuandika net.ifnames=0 wakati wa kuwasha mashine, ili majina ya zamani yarudi. Kwa mashine yenye kadi moja ushauri huo hauna madhara makubwa. Kwa yenye kadi mbili ni kurejea kwenye bahati nasibu iliyokwisha kukimbiwa, na inashangaza kwamba bado unasambazwa bila onyo.

Kontena huongeza tabaka jingine la utata. Docker inapoanza huunda daraja la ndani liitwalo docker0, kwa kawaida likiwa na anwani ya 172.17.0.1, na kila kontena huunganishwa nalo kwa jozi ya kadi za kuigiza. Ncha moja hubaki kwenye mashine ikiwa na jina linaloanza na veth, na nyingine huingia ndani ya kontena na kuitwa eth0. Hiyo eth0 haihusiani na eth0 ya mashine. Fundi anayeangalia ndani ya kontena, akaona eth0 ina anwani, akahitimisha kwamba kadi ya seva ni nzima, amepima damu ya mtu mwingine.

Baya zaidi, programu nyingi hutafuta kadi zenyewe na kuchagua moja bila kuuliza. Mashine yenye kontena 20 inaweza kuwa na kadi zaidi ya 20 katika orodha yake, karibu zote za kuigiza. Kisa kilicho maarufu zaidi ni cha Kubernetes, mfumo wa kusimamia kontena uliotangazwa mwaka 2014, unapojaribiwa kwenye mashine pepe za VirtualBox zilizoundwa kwa Vagrant. Kadi ya kwanza ya kila mashine huwa ya kutokea nje, na VirtualBox huipa kila mashine anwani ileile: 10.0.2.15. Programu ya flannel, ambayo huunganisha kontena za mashine mbalimbali, huchagua kadi yenye njia kuu ya kutokea nje. Matokeo yake ni kwamba mashine 3 hujitangaza kwa anwani moja. Kila moja ikichunguzwa peke yake ni nzima, lakini kontena zilizo katika mashine tofauti hazisikilizani. Programu ya Calico nayo, isipoelekezwa, huchukua kadi ya kwanza inayofaa kwa kipimo chake.

Modemu, Wi-Fi na mgongano wa anwani

Vijana wanaojifunza kazi hii kwenye vipakatalishi, kuanzia Samburu hadi Msambweni, wana adha nyingine isiyotajwa sana katika vitabu vya ng'ambo. Wengi hutumia modemu ya USB au Wi-Fi ya simu. Kwenye Windows, modemu ikichomekwa leo upande wa kushoto na kesho upande wa kulia, kompyuta inaweza kuihesabu kama kifaa kipya na kuipa jina lenye alama ya #2. VirtualBox, ikiwa mashine pepe imepangwa kutumia kadi halisi moja kwa moja, huikumbuka kadi hiyo kwa jina. Isipoipata, mashine hugoma kuwaka au huwaka bila mtandao. Kuchomeka modemu mahali palepale kila siku ni suluhisho lisilo la kitaalamu hata kidogo, na hufanya kazi.

Wi-Fi nayo haipendi wageni wengi. Kwa kawaida kifaa cha Wi-Fi hukubali anwani moja ya MAC kutoka kwa kila kompyuta iliyojiunga nacho. Mashine pepe na kontena zenye anwani zao wenyewe, zikijaribu kupita humo, mara nyingi hutupwa nje. Hali kadhalika, programu simamizi zina ulinzi wake: Hyper-V huzuia anwani za MAC isizozitoa yenyewe hadi ruhusa iwekwe, na swichi za ndani za VMware zina vipengele vya aina hiyo. Dalili yake hupoteza watu siku nzima, kwa sababu kadi inaonekana, anwani ipo, lakini hakuna kinachopita.

Aidha kuna mgongano wa anwani. Docker inapounda mtandao mpya hukagua njia inazoziona ili isichukue anwani zinazotumika. Lakini ikiwa mashine pepe imefichwa nyuma ya anwani ya kompyuta mwenyeji, haiuoni mtandao wa ofisi. Huenda ikajitwalia fungu la anwani ambalo printa na kompyuta za mapokezi zinalitumia. Tangu siku hiyo kontena hudhani printa imo ndani ya nyumba yake na huitafuta humo bila mafanikio. Hapo lawama huielekea kadi, na kadi haina kosa.

Kutafuta kuanzia chini

Kosa la kawaida la wanaotengeneza ni kuanzia juu. Huifuta kontena, huisimika upya, huiwasha tena Docker, na kwa bahati mbaya wakati mwingine kasoro huondoka kwa kuwa muda umepita na kadi imekwisha kuamka. Kesho yake hurudi. Njia yenye kuaminika ni kupanda ngazi kutoka kwenye waya.

Kwanza ni kompyuta halisi: je, yenyewe ina mtandao? Pili ni mipangilio ya programu simamizi: je, kadi ya kuigiza imeunganishwa na mtandao uliokusudiwa, na alama ya kwamba waya umechomekwa ipo? Alama hiyo huweza kuondolewa kwa kubofya bila kukusudia, na mfumo endeshi huona kadi isiyo na waya. Hapohapo inanakiliwa anwani ya MAC ya kadi, kwa kuwa itahitajika.

Tatu ni ndani ya mashine pepe. Amri ya lspci huonyesha kama kadi inaonekana kwenye njia kuu ya mitambo, ijapokuwa kadi za Hyper-V za aina mpya hazionekani humo na hilo si hitilafu. Ikiwa kadi ipo lakini haina jina, yamkini kiendeshi kinakosekana. Jambo hili huwapata hasa wanaosimika Windows juu ya KVM kwa kadi ya aina ya virtio, kwa sababu Windows haiji na kiendeshi chake. Kubadilisha kwa muda kadi iwe ya aina ya e1000, inayoigiza kadi ya zamani ya Intel, huthibitisha shaka hiyo kwa dakika chache. Amri ya dmesg huonyesha historia ya kuwaka, na mara nyingi humo mna mstari unaosema waziwazi kwamba eth0 imebadilishwa jina na kuwa enp0s3.

Nne, amri ya ip link huorodhesha kadi zote. Katika msongamano wa veth na madaraja, ya kweli hutambuliwa kwa anwani yake ya MAC. Za VirtualBox huanza na 08:00:27, za VMware 00:50:56 au 00:0c:29, za Hyper-V 00:15:5d, na za KVM kwa kawaida 52:54:00. Kwa miaka mingi kontena za Docker zilianza na 02:42. Neno DOWN lina maana kwamba kadi haijawashwa na mfumo. NO-CARRIER lina maana kwamba imewashwa lakini haioni waya, na hapo msomaji arudi ngazi ya pili. Anwani inayoanza na 169.254 huonyesha kwamba kadi iliomba anwani kwa ruta na haikujibiwa.

Baada ya hayo yote kuwa sawa ndipo kontena ziangaliwe, kwa docker network inspect na kumbukumbu za kontena yenyewe. Kontena iliyoamriwa kusikiliza kwenye anwani maalumu ya seva, ikiwashwa kabla kadi haijapewa anwani hiyo, hushindwa kwa kulalamika kwamba anwani haipatikani. Huduma ya Docker kwenye mifumo mingi imeandikwa ingoje mtandao uwe tayari, lakini kungoja huko hutegemea huduma nyingine ndogo, ya NetworkManager au ya systemd-networkd, ambayo huenda imezimwa na mtu aliyetaka mashine iwake haraka. Kuiwasha tena hugharimu sekunde chache. Ikiwa kontena zimeunganishwa kwa macvlan, yaani kwa kushikamana na kadi ya mashine kwa jina, basi jina hilo likibadilika mtandao wao hauundiki kabisa.

Tiba ya kudumu ni kuitambua kadi kwa nambari yake ya usajili, badala ya zamu au maegesho. Katika Ubuntu, faili la netplan hukubali kutafuta kadi kwa anwani ya MAC kisha kuipa jina analolitaka mwenyewe, tuseme ofisi0. Mifumo mingine hutumia faili la .link la systemd kwa kazi hiyohiyo. Sharti ni kwamba anwani ya MAC iwekwe bila kubadilika katika programu simamizi, na anayenakili mashine akumbuke kulirekebisha faili hilo katika nakala, la sivyo atarudia kisa cha eth1. Programu zinazojichagulia kadi nazo ziambiwe: flannel ina chaguo la --iface, na Calico inaweza kuelekezwa itumie kadi inayofika kwenye anwani fulani. Hata fungu la anwani za Docker linaweza kupangwa katika faili la daemon.json, mbali na anwani za ofisi.

Liko jambo la kutenganisha na haya yote. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika katika maji ya Afrika Kusini, intaneti ilizorota Kenya na nchi jirani. Mfumo wa rekodi uliomo ndani ya jengo haukustahili kusimama siku kama hiyo, na ikiwa ulisimama, basi ulikuwa ukitegemea njia ya nje kufikia kitu kilichomo chumba cha pili. Anayepima kadi yake kwa kufungua ukurasa wa ng'ambo huchanganya maswali mawili. Apime kwanza kwa ruta iliyo ukutani.

Kipimo cha mwisho hufanywa mchana, siku isiyo na wagonjwa wengi, fundi akiwa bado yupo. Baada ya kunakili data, seva huzimwa kwa utaratibu wake, waya wa umeme huchomolewa, kisha huwashwa bila mtu kuandika amri yoyote. Zoezi hurudiwa mara 3 au 4, maana kasoro ya kugombea nani aamke kwanza haijitokezi kila mara. Kabla ya kupanda gari kurudi Mombasa, fundi huandika kwenye karatasi anwani ya MAC, jina la kadi na anwani ya seva, na kuibandika ubavuni mwa mtambo, mahali ambapo karani anaweza kumsomea kwa simu.